Muulize Fundi: Gita limelia vizuri, ampu inakwaruza

Swali: Shikamoo fundi. Bendi yetu tulirekodi gita la solo usiku, moja kwa moja kwenye kompyuta bila ampu maana majirani walishachoka na sisi. Mpigaji kasafiri, sisi tumeazima ampu ya valvu (ile ya taa za kioo ndani), nikatoa waya nyuma ya intafesi, kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, nikachomeka kwenye ampu. Saundi ikatoka kali, inakwaruza, halafu kwa chini kuna mvumo mmmmm hauishi. Ampu mbovu au? (Kijana wa Kirumba, Mwanza)

Jibu: Marahaba kijana. Ampu nzima hiyo, usiirudishe kwa mwenyewe na lawama. Hapo ulikuwa unariampu, yaani gita lililorekodiwa kavu unalirudisha kwenye ampu unaliwekea maiki upya, ila umeruka kitu kimoja katikati.

Ampu imezoea pikapu ya gita, ile sumaku chini ya nyuzi inayonasa sauti, ambayo mara nyingi inatoa sehemu ndogo tu ya volti. Laini auti ya kitaalamu, yaani tundu la kutolea sauti kama la intafesi, kiwango chake cha kawaida ni kama volti 1.23 na ukiisukuma inapanda zaidi, sasa ampu inapigwa ngumi kabla hata hujagusa voliyumu, lazima ikwaruze. Halafu kuna impidansi, yaani ukinzani kwa umeme wa sauti, auti ya intafesi ni ya chini sana, ya pikapu iko juu. Na ule mvumo ni kwa sababu kompyuta na ampu zote zina ethi (waya wa ardhini) na umeziunganisha kwa waya, umeme unazunguka humo. Nakuomba sana using'oe pini ya ethi kwenye plagi kama wanavyofanya wengi, ampu ya valvu ina volti mamia ndani, utaua mtu.

Dawa ni boksi la riampu. John Cuniberti, injinia aliyerekodi sana na Joe Satriani, ndiye aliyeanza kuliuza miaka ya 1990 kwa jina la Reamp, leo makampuni mengi yanatengeneza. La kawaida lina transfoma ndani, linashusha nguvu, linapandisha impidansi na kukata ule mzunguko wa ethi.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mtu yeyote mwenye gita, achomeke kwenye ampu apige kidogo, sikiliza inaanza kukwaruza pale anapovuta kamba kwa nguvu kiasi gani. Halafu chomoa, weka boksi, piga ile solo yenu toka kwenye kompyuta, zungusha kitufe cha boksi hadi ampu ikwaruze kwenye zile noti kali tu na zile laini zibaki safi. Usitumie macho, tumia masikio. Ukishapata hapo ndio uhangaike na besi na trebo.

Maiki mimi naanza nayo pale kile kikofia cha katikati ya spika kinapokutana na karatasi. Ukiisogeza sentimita 2 kuelekea nje saundi inalainika, kuelekea katikati inakuwa kama sindano, kwa solo ya rumba napenda nje kidogo.

Kingine, tumia auti ya 3 au ya 4 ya intafesi, na humo ipite solo peke yake. Mimi niliwahi kusahau, traki mpya niliyokuwa narekodi ikawa inarudi kwenye ampu ileile, ikapiga yowe mpaka mtoto wa jirani akaamka, kwa hiyo zima monita ya traki unayorekodi, yaani isitoke tena kwenye auti wakati inarekodiwa. Ukimaliza vuta karibu mawimbi ya traki zote mbili, ile kavu na mpya, mpya huwa imechelewa kidogo, isogeze nyuma ianze mapema, maana sauti inakula milisekunde 1 kila sentimita 34 hivi za hewa, ukizichanganya bila kupanga gita linakonda.

Swali: Fundi, mimi boksi hilo sina, nina DI boksi ya pasivu tu (kile kisanduku kisichotumia umeme cha kupeleka gita kwenye mikseri). Naweza kuigeuza? (Mama Bendi, Tanga)

Jibu: Unaweza dada, kama ina transfoma. Ingiza kupitia ule upande wa XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki), utahitaji adapta, toa kwenye jeki ya gita kwenda kwenye ampu, na fantomu, ule umeme unaotumwa kwenye maiki, iwe imezimwa. Haina kitufe cha voliyumu kwa hiyo anza na feda ya kompyuta ikiwa chini kabisa, pandisha taratibu. Ya aktivu, inayotumia umeme, usijaribu. Na ile auti ya spika nyuma ya ampu isije ikaingia kwenye intafesi, utalia mwenyewe.