Nani Alikuruhusu Kunikata Mkono?

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wanaocheza hadithi za kuigiza kwenye simu. Kwa wasioijua: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi anaweka mandhari, na mambo yanasonga kwa maandishi, zamu kwa zamu. Nimekuwa msimulizi miaka kadhaa, kwa hiyo haya magomvi nayafahamu.

Mhusika wangu ni mvuvi wa Ziwa Kyoga. Jana mwenzangu anayecheza jambazi ameandika: "Nimemkata mkono, akaanguka majini." Mimi hata sijajibu. Ni halali? (Busia)

Si halali. Mkono ni wa mvuvi wako, na kukatika kwake ni kwako kuandika. Jambazi ana haki ya panga lake tu: "Nainua panga, nalenga bega lake la kulia." Anaweka nukta, anasubiri. Labda utainama na panga likwame kwenye ukingo wa mtumbwi, labda utarudi nyuma ukajikuta kwenye mafunjo, labda litakupata. Ona kitenzi kinavyofanya kazi. "Nalenga" kinamwachia mwenzako zamu yake. "Nimemkata" kimeshamaliza ugomvi wa watu wawili kwa kidole cha mtu mmoja. Mwambie afute, aandike upya.

Ila na wewe nikuulize, ndugu yangu: panga lilikupata lini mara ya mwisho? Kama mvuvi wako amekwepa kila pigo tangu hadithi ianze, jambazi amechoka, na mimi simlaumu sana. Kubali kuumia. Mvuvi mwenye bega bovu anahitaji mtu wa kumpigia kasia, na huyo mtu tayari ana cha kuandika.

Nacheza mlinzi kipofu. Wenzangu wanasema nadanganya kwa kuwa "anasikia kila kitu". Kosa liko wapi? (Arua)

Dada, kipofu anayemsikia nyoka ng'ambo ya mto na kujua rangi ya kanga kwa harufu ana macho. Ameyahamishia masikioni tu. Upungufu lazima umgharimu mwenye nao. Mvua ikipiga mabati asisikie hatua za mtu. Sokoni penye kelele ashikwe mkono. Usiku wa giza nene, hapo sawa, awashinde wote.

Huu si ukali wangu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja tu kwa siku, na silaha yake ilikuwa jambia, basi. Akiutumia asubuhi, jioni anajificha nyuma ya mpiganaji. Ndiyo maana walisafiri pamoja. Angeweza kila kitu, angekwenda peke yake, na wenzake mezani wangebaki kumtazama.

Wengi wananiletea mhusika mwenye nguvu kumi na tano na udhaifu mmoja: "ana hasira". Hasira kila mtu anayo, hasa saa kumi na mbili jioni kwenye foleni ya magari Wandegeya. Mimi huuliza jambo moja tu: nani anaweza kumshinda huyu, na wapi? Mwenyewe akikosa jibu, simpokei.

Nimesoma kwenye zamu ya mwenzangu kwamba ametia sumu kwenye chai. Mhusika wangu anaweza kuikataa? (Kampala)

Umeisoma wewe, mhusika wako hakuisoma. Anywe.

Bando liliisha, umeme nao ukakatika siku mbili. Kurudi, mhusika wangu ameshazikwa! (Mbale)

Pole sana. Kwetu, mhusika ambaye mwenyewe hayupo hushikwa na homa: analala kambini, haguswi. Sheria hiyo tuliiweka baada ya Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima wakati wa uchaguzi na kundi zima likaugua kwa mpigo. Dai afufuliwe. Na siku nyingine ukijua unasafiri, toa taarifa mapema.

Mwenzetu hurusha nyumbani kwake dadu ya pande 20, ile ya kuamua kama jambo limefaulu, kisha anatuandikia matokeo. Ijumaa alipata 20 mara tatu mfululizo. Tumwamini? (Jinja)

Inawezekana. Ni mara 1 kati ya 8,000, lakini inawezekana. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata bila kukusudia: dadu ikigonga kikombe anasema haikuhesabika, anarudia, na ajabu ni kwamba 19 haigongi kikombe kamwe. Msimwite mwizi, badilisheni utaratibu. Arushe msimulizi, au programu ndani ya kundi, matokeo yaonekane kwa wote. Wazee wa omweso, bao la Uganda, wana mashimo 32 na kete 64 mbele ya macho ya watu. Sijaona anayekaa kwake akatuma ujumbe kwamba ameshinda.

Na kama siku ya kwanza ya utaratibu mpya atapata 3, msimcheke. Au mcheke kidogo.