Kabla Hujalipa Kodi ya Nyumba Mji Mkongwe

Mwaka wangu wa kwanza Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, niliharibu ukuta wa sebule. Rangi ilikuwa imebabuka, plasta ya zamani inamwaga unga kila nikifagia, nikaona nitafute fundi wa haraka. Akaukandika saruji kwa siku mbili, tukapiga rangi nyeupe, ukang'aa. Masika yalipoingia ukuta ukaanza kutoa jasho. Baadaye ukavimba mabaka mabaka, ukiugonga unalia utupu, na saruji ilipobanduka iling'oka na vipande vya jiwe lenyewe. Bibi wa ghorofa ya chini, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, alipanda ngazi taratibu kuja kutazama. Nikamwamkia. Akaweka kiganja ukutani, akasema, "Mwanangu, nyumba hii inapumua. Umeiziba pua."

Nawaandikia nyie mnaoniuliza kuhusu kuhamia Mji Mkongwe, Unguja. Wengi mmekuja mara moja wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mkala urojo, mkakaa bustani ya Forodhani jua likizama, mkarudi Dar es Salaam au Nairobi roho zimebaki huku. Nawaelewa kabisa, mimi nilitoka Sinza kwa njia hiyo hiyo. Ninachoomba ni kwamba mjifunze nyumba kabla ya kuipamba.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zina unene wa karibu nusu mita, na dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Pima kabla hujanunua kitanda. Jiwe la matumbawe hunywa maji na lina chumvi ndani yake. Chokaa huyaacha maji yatoke taratibu, lakini saruji huyafungia, na chumvi ikikosa pa kutokea husukuma plasta mpaka ianguke. Mwenye nyumba akikuonyesha ukuta wa saruji mbichi uliopakwa rangi juzi, usifurahi. Muulize umefichwa nini.

Dalali aliyenionyesha nyumba ya kwanza alinileta mwezi wa Januari, jua kali, upepo wa kaskazi unavuma, kila kitu kikavu. Hakunipeleka juu ya paa na mimi sikuomba. Nenda wewe mwezi wa Aprili, siku ya mvua, tena anzia juu. Tazama bati na mifereji, kisha shuka ukikagua ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana maji huozesha hapo kwanza. Boriti nyeusi yenye unyevu, au inayobonyea ukiichoma kwa ufunguo, ni sababu tosha ya kuondoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu siku ile siwezi kusikia mtu akisema "nyumba imesimama miaka mia, haina neno" nikanyamaza.

Ukishakubaliana na mwenye nyumba, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yako, yaani eneo unaloishi, ujitambulishe. Usisubiri aulize wewe ni nani. Na usiguse dirisha, mlango wala roshani kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mlango mmoja wa nakshi ukishauzwa haurudi tena. Vyombo vyako navyo vitaingia kwa mkokoteni, kwa sababu gari haifiki vichochoroni. Friji langu lilibebwa na vijana wanne, wakapumzika kwenye kila kona ya ngazi. Walipe vizuri.

Watu ndio wamenifanya nibaki, na hapa ndipo wageni wengi wanakosea. Baraza za mawe mbele ya nyumba zina wenyewe, hata kama hazina jina. Wazee wanaokunywa kahawa pale asubuhi wanajua nani mgonjwa, nani amesafiri, bomba la nani limepasuka. Pita, toa salamu, simama kidogo. Vaa kwa heshima, si kwa sababu ya sheria bali kwa sababu unapita mlangoni kwa watu. Ramadhani yangu ya kwanza bibi wa chini alinipandishia sahani ya futari, na sikujua kwamba sahani haitakiwi kurudi tupu. Alinifundisha jirani mwingine, kwa upole, nami sijasahau tena.

Kuhusu sanaa, maduka ya Hurumzi yamejaa picha za Wamasai na machweo zinazofanana, zimechorwa kwa ajili ya mtalii. Tafuta penye kazi yenyewe. Fuata sauti ya patasi ukaone nakshi inavyochongwa. Ukitaka kujifunza kupiga udi au kanuni, ala za nyuzi za taarabu, kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002. Taarabu yenyewe ina vikundi vikongwe, Ikhwan Safaa kikiwa kimeanzishwa 1905, na raha yake ni kusikiliza mazoezi, watu wakikosea na kurudia ubeti ule ule mpaka ukae sawa. Uliza barazani, utaonyeshwa mlango.

Linaloniuma ni kodi. Kila nyumba inayokarabatiwa vizuri inageuka ya wageni wa usiku mbili tatu, na familia iliyokaa hapo inahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, au mbali zaidi. Kwa hiyo ukija, njoo ukae. Panga kwa mwaka, usikipangishe chumba chako kwa watalii kwa mlango wa nyuma, nunua mkate na nazi kwenye duka la chini ya nyumba yako hata kama soko la Darajani ni nafuu kidogo. Mtaa wenye watu wa kulala tu hauna wa kuamkia mtu.

Ukuta wangu tuliubandua wote. Fundi mzee alileta chokaa iliyoloweshwa na kulala muda mrefu, akaichanganya na mchanga na udongo mwekundu, akapiga tabaka nyembamba, akasubiri likauke ndipo apige jingine. Kazi ilichukua wiki sita. Ilipokwisha bibi alipanda tena, akaweka kiganja pale pale, akanikataza rangi ya mafuta. Nikapaka chokaa tu, na kila mwaka kabla ya masika naipaka upya.