Kumpeleka mtoto nyumbani kwa hila ili akanyooshwe

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa na tunaishi Leicester, Uingereza. Mwanangu wa kiume ana miaka 14. Swala ameanza kuiacha, shule ilimsimamisha kwa siku kadhaa baada ya kukutwa na sigara ya mvuke, na akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, kisha hujifungia chumbani. Baba yake ameamua tumwambie kwamba tunakwenda likizo, tumwache Pemba kwa ami yake, na pasipoti yake turudi nayo. Tiketi ya kwenda na kurudi ameshamkatia ili asishuku. Moyo wangu haukubali, lakini mume wangu anasema yeye ndiye walii, yaani msimamizi wa mtoto, na mke asiyemtii mumewe ana dhambi. Wazee wa hapa wanamuunga mkono. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, swali lako limenisumbua, kwa sababu vijana wa namna hii tunawapokea huku chuoni. Huletwa na ami au bibi, hukaa safu ya nyuma, wenzao huwacheka kwa namna wanavyotamka, na mara nyingi ombi la kwanza wanalomletea mwalimu faraghani ni simu ya kuzungumza na mama.

Kumpeleka mtoto nyumbani akasome dini na lugha, akawajue jamaa zake, ni jambo linalojuzu, na huenda likawa na kheri kubwa. Lililo haramu ni kumchukua kwa uongo. Hupati dhambi kwa kukataa kushiriki. Dhambi ingekupata kama ungemfungia mtoto sanduku huku ukimtajia siku ya kurudi ambayo unajua kwamba haipo. Abdullahi bin Amir (r.a.) amesimulia kwamba mama yake alimwita siku moja, naye Mtume (s.a.w.) yuko nyumbani kwao, akamwambia: njoo nikupe. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini, akajibu kwamba ni tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Ikiwa ahadi ya tende moja kwa mtoto mdogo inahesabiwa, sijui mumeo atajibu nini kuhusu tiketi iliyokatwa kwa makusudi ya kumpumbaza kijana wa miaka 14.

Najua hoja wanazozitoa hao wazee, kwani nimezisikia kwa miaka. Watasema Mtume (s.a.w.) alimwambia mtu mmoja, "Wewe na mali yako ni vya baba yako," na kwa hiyo baba ana haki ya kumpeleka mwanawe atakako. Wanaosema hivyo wasome aya ya mirathi, Surat An-Nisaa aya ya 11, ambamo baba wa marehemu aliyeacha mtoto amewekewa sudusi. Lau mali ya mtoto ingekuwa milki ya baba, asingerithi sehemu ya sita ya kitu ambacho chote ni chake. Ikiwa mali ya mwana haikuwa milki ya baba, nafsi yake haiwezi kuwa milki hata kidogo. Hadithi ile inafundisha wema na kuwahudumia wazazi, na wanachuoni hawakuifahamu kuwa ni hati ya kumiliki watu.

Watamtaja pia Nabii Ibrahim (a.s.), aliyemwacha Ismail katika bonde lisilo na mmea. Hoja hii hunisikitisha zaidi kuliko zote, kwa kuwa inambebesha Khalilullahi jambo asilolifanya. Ibrahim aliamrishwa na Mola wake, na mumeo hakuteremshiwa wahyi. Ibrahim alimwacha mtoto pamoja na mama yake. Nyinyi mnataka kumtenga naye. Bibi Hajar alimfuata akimuuliza, na alipomwambia kuwa ni amri ya Mwenyezi Mungu ndipo aliporidhika, kama ilivyo katika Bukhari. Na Ismail alipokua, baba yake alipoota kwamba anamchinja, hakumpeleka kwa hila. Alimweleza ndoto yote, akamwambia, "Basi tazama, waonaje?" Tena hiyo ilikuwa amri ya Allah, na bado kijana aliulizwa rai yake. Ndani ya Qur'ani wamo waliomchukua mtoto kwa jina la matembezi ili akacheze na kufurahi, kisha wakarudi bila yeye, nao ni ndugu zake Yusuf. Mwenye kutaka mfano katika safari hii ameupata hapo.

Wenye elimu kidogo miongoni mwao wataleta kauli iliyomo katika Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi, kwamba baba akisafiri safari ya kuhama, yeye ndiye mwenye haki zaidi ya mtoto. Kauli hiyo ni sahihi katika madhehebu yetu ya Shafi, ila haikuja kwa mas-ala haya. Inahusu wazazi waliotengana, na baba anayehama kweli akaishi na mwanawe huko aendako, ili nasaba isipotee na malezi yasiharibike, tena kwa sharti la usalama wa njia na wa mahali. Mumeo hahami. Atashuka Pemba, atamkabidhi mtoto kwa nduguye, kisha atarudi Leicester kazini.

Ama kuhusu utiifu, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba utiifu ni katika mema tu. Na ukitaka kuona namna sharia inavyomtazama mama, soma Surat Al-Baqara aya ya 233. Mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, na hata kumwachisha ziwa kabla ya miaka miwili kumeshurutishwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Jambo la maziwa limetakiwa shauri la wawili. Kumvusha mtoto bahari na kumzuilia pasipoti kutawezaje kuwa amri ya mmoja?

Sikatai kwamba mumeo ana hofu, na hofu yake ina msingi. Mwaka 2025 mahakama za London zilisikiliza shauri la kijana aliyepelekwa Ghana na wazazi wake, kwa kisingizio cha kumtazama jamaa mgonjwa, kwa kuwa waliogopa ataingia katika magenge. Jaji wa kwanza aliwapa haki wazazi, kisha Mahakama ya Rufaa ikaamuru shauri lisikilizwe upya. Wale wazazi hawakuwa watu waovu. Lakini mtoto wao alifika mahali pa kuwashitaki, na mzazi ajiulize ni malezi gani yatasimama baada ya hapo. Ajue pia kwamba kumtoa mtoto wa chini ya miaka 16 nje ya Uingereza bila idhini ya mama yake ni kosa chini ya sheria yao ya mwaka 1984, na Muislamu anayeishi katika nchi kwa amani yao hutekeleza aliyoahidi.

Kisha, nyumbani anapopakumbuka mumeo ni pale alipopaacha alipokuwa kijana. Unga wa heroini na bangi vimeingia Unguja na Mombasa, na Zanzibar leo kuna nyumba za kuwatibu walioathirika. Mtoto mwenye uchungu wa kudanganywa, asiye na mzazi karibu na asiyejua njia za mji, ndiye anayenaswa upesi. Katika vituo vya Wasomali vinavyoitwa dhaqan celis, yaani kurejesha utamaduni, Nairobi na Somalia, wapo vijana waliosimulia kufungwa minyororo na kupigwa kwa jina la kunyooshwa. Simaanishi kwamba ami yake ni mtu wa namna hiyo. Ila mtoto akishakabidhiwa mwingine, nyinyi mtasikia tu mtakayoelezwa kwenye simu.

Hebu mumeo ajiulize jambo moja mbele ya Mola wake. Mtume (s.a.w.) aliamrisha mtoto aamrishwe swala akiwa na miaka saba, na akataja adabu ya kupigwa akifika kumi. Baina ya saba na kumi mna swala zaidi ya elfu tano, na kila moja ni nafasi ya baba kusema, "Njoo tuswali." Ngapi alizitumia? Silisemi hili kumlaumu, maana ninajua zamu za usiku na kodi ya nyumba zinavyowala wazazi huko. Na kijana aliyemjia Mtume akiomba ruhusa ya kuzini, masahaba walimkemea, lakini Mtume alimsogeza karibu, akamuuliza kama angependa hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwekea mkono na kumuombea dua. Kosa la mwanao ni dogo kuliko ombi lile.

Kwa hiyo mwambie mumeo waziwazi, kwa adabu na mkiwa wawili tu, kwamba hutashiriki uongo huu. Pasipoti ya mtoto iweke wewe. Hilo si nushuzi, yaani si uasi wa mke kwa mumewe. Akikataa kusikia, teueni msuluhishi kutoka kwake na mwingine kutoka kwako, kama ilivyoamrishwa katika Surat An-Nisaa aya ya 35, na wazee waliokwishaelemea upande mmoja msiwaweke. Mumeo aombe kazini japo jioni mbili kwa wiki, aende na mwanawe msikitini kwa miguu, na njiani asimhubirie. Amuulize habari zake, hata akijibiwa kwa Kiingereza. Shuleni mwende nyote wawili kuuliza ile sigara aliipata kwa nani.

Na ikiwa baada ya hayo mtaona Pemba ina maslaha naye, aambiwe kweli, asikilizwe, na akiridhia aende kwa muda unaojulikana, mmoja wenu akae naye miezi ya mwanzo, na pasipoti yake ikae mahali anapopajua. Wallahu a'lam.