Fundi Sauti Anajibu: Kompresa ya Chumbani

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinauliza kuhusu kompresa, yaani kifaa au programu inayobana sauti kubwa ili isiachane mno na ndogo.

SWALI: Narekodi rap chumbani kwangu Ngarenaro, maiki ya kondensa na kompyuta tu. Maneno mengine yanamezwa na biti, mengine yanapasua hedifoni. Nimeweka kompresa nikachagua mpangilio wa vokali uliokuja nayo, sauti imekuwa kubwa lakini tatizo liko palepale. Nianzie wapi?

JIBU: Kaka, huo mpangilio haujui ulirekodi kwa ukubwa gani. Treshodi ni kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo kompresa inaanza kubana. Ukiwa umerekodi chini, sauti haifiki hapo. Kompresa inakaa tu, huku geini ya mwisho, yaani kipandisha sauti kinachofuata baada ya kubana, ikipandisha kila kitu kwa pamoja.

Zima kwanza geini inayojipandisha yenyewe. Weka reshio (kiasi cha kubana) 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 5, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 80. Chagua pale unapochana kwa nguvu zaidi, iache ijirudie, kisha shusha treshodi taratibu macho yakiwa kwenye mita ya GR, ile inayoonyesha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazokatwa. Simama ikigusa 5 au 6 kwenye maneno makali. Ukivuta pumzi, mita irudi sifuri. Ikining'inia muda wote, treshodi imeshuka mno au rilisi ni ndefu mno.

Hiyo 4:1 inafanya hivi: neno lililovuka treshodi kwa desibeli 8 linatoka likiwa limeivuka kwa 2, kwa hiyo 6 zimekatwa. Sasa pandisha geini kwa mkono mpaka ukizima na kuwasha kompresa, ukubwa unasikika sawa. Usiruke hatua hii. Sikio hupenda kilicho kikubwa, na wengi wanaosifia kompresa wanasifia ongezeko la sauti tu.

Ila si kila kitu ni cha kompresa. Kama uligeuza uso na mstari mzima ukashuka desibeli 10, ukate ule mstari peke yake na uupandishe kwa mkono kabla haujafika kwenye plagini, yaani hiyo programu ya kompresa kwenye kompyuta. Ni kazi ya kuchosha, lakini kompresa ikiachiwa pengo kama hilo itabana mpaka sauti isikike kama imezibwa pua.

Angalia pia "p" na "b". Pumzi ikigonga maiki inazaa mvumo mzito ambao hedifoni ndogo hazikuonyeshi, ila kompresa inauona na kulibana neno zima. Kata kila kilicho chini ya hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; chache ni sauti nzito), na kichujio hicho kikae kabla ya kompresa. Kikikaa baada yake, mvumo utaondoka lakini neno litakuwa limeshabanwa.

SWALI: Nafundisha kwaya Moshi, waimbaji 12, ukumbi wa bati. Nikiweka kompresa, kila wakinyamaza kelele ya feni na mvua inapanda, wakianza kuimba inazama. Plagini ni mbovu?

JIBU: Plagini ni nzima, mwalimu. Ukikata desibeli 8 kwenye sauti kubwa kisha ukarudisha 8, kila ambacho hakikubanwa nacho kimepanda 8: feni, matone, pikipiki ya nje. Waimbaji wakinyamaza rilisi inaachia, na kelele inajitokeza.

Kwaya haitaki kubanwa kama rap, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ndio uimbaji wenyewe. Reshio 2:1, ataki milisekunde 30, rilisi 250 hivi, GR isivuke 3. Usikimbilie geti ya kuzima kelele. Itakata mwangwi wa ukumbi ghafla na kila beti litaisha kama limekatwa na mkasi.

Feni izimwe. Maiki isogee karibu: kwa mwimbaji mmoja, ukipunguza umbali kwa nusu sauti yake inaongezeka karibu desibeli 6, kwa kwaya iliyojipanga kwa upana faida ni ndogo kiasi, ila ipo. Rekodi pia sekunde 10 za ukimya kabla hawajaanza, maana kipunguza kelele cha Audacity kinahitaji sampuli ya kelele tupu. Kwa mlio wa feni usiobadilika kinafaa. Kwa mvua ya masika juu ya bati hakifui dafu, subirini ikatike.

SWALI: Nina plagini inayoiga 1176, ile kompresa ya mashine ya zamani. Haina treshodi, na nikipeleka ataki kushoto ndipo ngoma inagonga zaidi. Mbona ni kinyume? (Njiro)

JIBU: Mashine yenyewe, iliyotoka Marekani mwaka 1967, ndivyo ilivyo. Treshodi imefungwa ndani. Wewe unasukuma sauti kwa kitufe cha kuingizia, kisha unasawazisha kwa cha kutolea. Ataki na rilisi zinakwenda kinyume: kulia kabisa ndiyo haraka kabisa. Ataki huanzia mikrosekunde 20 mpaka 800, yaani hata ile ya "polepole" haifiki milisekunde 1. Kwenye mashine halisi, ukiizungusha kushoto mpaka ibofye, kubana kunazimika kabisa.

Kwa hiyo ikiwa snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) bado imelegea hata ataki ikiwa kushoto, achana na 1176 kwa kazi hiyo. Chukua kompresa ya kawaida, ataki milisekunde 20 hadi 30, ili pigo la kwanza la fimbo lipite kabla ya kubanwa. Kwenye besi, chunga rilisi. Wimbi la hezi 50 linachukua milisekunde 20 kukamilika; rilisi ikiwa 10, kompresa inafuata wimbi lenyewe na besi inakwaruza.

SWALI: Ninunue kompresa ya kifaa nirekodi kupitia humo?

JIBU: Hapana. Nunua kichujio cha pumzi na mapazia mazito. Rekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye programu, si biti ya muziki), vilele viishie kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita ambayo sifuri ndiyo mwisho, pasipo kompresa njiani, kwa sababu kilichobanwa wakati wa kurekodi huwezi kukibandua baadaye.