Kuchorongea njia ya handaki la maji: ushauri kwa wanaoanza

Anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza mtambo unaoweza kupinda shimo chini ya ardhi huvutiwa na mtambo wenyewe, ilhali yampasa kuanza na swali ambalo shimo litajibu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wahandisi waliokuwa wakipeleka maji ya milima ya Catskill mjini New York walihitaji kujua kama chini ya mto Hudson, pale Storm King, kuna mwamba mzima wa kupitishia handaki. Mashimo ya wima yaliyochorongwa kutoka kwenye matishari yalipita futi 700 bila kuugusa. Ndipo wakachoronga mashimo ya mshazari kutoka ndani ya mashimo mapana ya kushukia yaliyochimbwa kwenye kingo zote mbili, yapishane chini ya mto: jozi moja kwenye kina cha futi 1,500 hivi, nyingine karibu futi 950. Zote zilitoa granaiti nzima, na handaki likapitishwa kati yake, takriban futi 1,100 chini ya usawa wa bahari.

Shimo refu hupotoka. Digrii moja tu ya kosa katika mita 500 hukutoa kwenye mstari kwa karibu mita 9, kwa hiyo pima mwelekeo kazi ikiendelea, tena kwa jairoskopu, kifaa cha mwelekeo kisichotegemea sumaku, kwa kuwa dira ya sumaku hupotoshwa na kesingi ya chuma, yaani bomba linaloshikilia kuta za shimo.

Ninalosisitiza zaidi ni sampuli, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa shimoni na kupangwa kwenye kasha. Mwamba mgumu hutoka mzima na kupendeza. Uliosagika husombwa na maji ya kuchorongea, na mahali pake hubaki kibao kilichoandikwa kina. Wageni wengi wa kazi hii hupita hapo haraka, ingawa huenda pengo hilo ndilo ufa utakaomwaga maji handakini. Linganisha kibao hicho na daftari la zamu: je, maji ya kuchorongea yalirudi juu na rangi gani, au hayakurudi kabisa?

Kumbuka pia kwamba shimo linalofuata njia ya handaki hukata vizuri nyufa zinazokingama, lakini zinazokwenda sambamba nalo laweza kuzikosa zote. Hizo zitafutwe kwa kuchoronga tawi la upande kutoka shimo lilelile.

Kazi ikiisha, shimo lizibwe kwa saruji kuanzia chini, lisije likapeleka maji kwa wachimbaji, na kiasi cha saruji kilichoingia kiandikwe.