Meno yanacheza, mnasingizia uzee

Fizi zangu zinatoka damu kila nikipiga mswaki, kwa hiyo nimeuacha kwa muda. Nimefanya vizuri? (Mbagala)

Hapana. Umewaachia bakteria nyumba. Rudia mswaki leo, wenye nywele laini, mara mbili kwa siku, kisha nenda ukaonwe. Fizi nzima haivuji damu.

Nina miaka 63. Meno mawili ya chini yanacheza. Daktari ameniambia mifupa yangu imedhoofika, ni ostioporosisi. Ndiyo inayoning'oa meno? (Tabata)

Shikamoo mama. Inachangia, lakini mwizi mkuu ni mwingine. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza madini haraka kuliko inavyojijenga. Taya nalo ni mfupa, na ndilo lililoshika jino. Tafiti kadhaa zimeona wanawake wenye ostioporosisi wakipoteza zaidi mfupa unaozunguka meno. Hata hivyo, anayewasha moto ni ukoga. Ukiachwa hugeuka ugaga, yaani ukoga ulioganda kama jiwe kwenye jino, na huo hautoki kwa mswaki wala kwa mkaa wala kwa chumvi. Fizi huvimba, huachana na jino, mfupa chini yake huliwa kimyakimya bila maumivu. Ndiyo maana akina mama huja kwetu madaktari wa meno jino likiwa limebaki kuning'inia, wakisema "ni uzee tu". Uzee peke yake haung'oi jino, mama. Kakwanguliwe ugaga upigwe na picha ya eksirei. Jino kucheza si hukumu ya kung'olewa. Tena kapime sukari, ingawa hukuniuliza: kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Kama unatumia ugoro, unajua nitakachosema.

Ni kweli kung'oa jino la juu kunaharibu macho? (Wengi)

Si kweli. Nimechoka na swali hili.

Mama yangu anameza kidonge cha mifupa mara moja kwa wiki. Jino linamuuma, kuna fundi jirani anasema atalitoa kesho. Nimpeleke? (Tandika)

Usimpeleke kwa huyo fundi. Kidonge hicho huenda ni alendronati au ndugu yake. Tangu 2003 madaktari wameripoti kwamba dawa za kundi hili, mara chache, huzuia taya kupona baada ya kung'oa jino: mfupa unabaki wazi, unakufa, unatunga usaha. Kwa vidonge hatari ni ndogo. Kwa wanaochomwa sindano kali za kundi hilo kwa ajili ya saratani ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa meno, beba na pakiti ya dawa, mwambie ameitumia miaka mingapi. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Nyonga ikivunjika ni msiba kuliko jino. Wanaochomwa sindano ya mifupa kila miezi 6 ndio kabisa wasiiruke, kwani mifupa ya uti wa mgongo huweza kuvunjika. Na wale ambao hawajaanza: tengenezeni meno kwanza. Laiti daktari wa mifupa angekuwa anauliza "meno yako vipi?" kabla ya kuandika cheti, ningepata barua chache.

Halafu kidonge hicho humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa. Si kwa chai ya maziwa. Bado naona watu wanakimezea chai.

Bibi hapendi maziwa. Atapata wapi kalisiamu? (Kigamboni)

Dagaa, wazima na mifupa yao, wamejaa pale soko la samaki la Feri. Mwanamke aliyepita miaka 50 anashauriwa kupata kama miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa ingempa kama 300; kwa kuwa hayapendi, mtindi nao umsaidie. Atoke juani kidogo, atembee. Lakini dagaa hawakwangui ugaga, msije mkaniandikia tena kwamba mmekula dagaa na fizi bado zinavuja. Na kile kimkeka kinachoteleza mlangoni pa bafu lake, kitoeni leo, asije akaanguka akavunjika.