Isukuti ikilia, asiyesikia asome nini?

SWALI: Mwalimu, habari za Kisumu? Mimi ni katibu wa kikundi cha isukuti, mchezo wa ngoma wa Waisukha, hapa Khayega. Mwezi wa Desemba tutacheza huko kwenu, na tunataka kurusha onyesho mubashara kwa jamaa walio mbali. Video yetu iliyopita tuliiachia mashine iweke manukuu, yaani maandishi ya sauti yanayopita kwenye skrini. Karibu dakika zote 12 ikaandika neno moja tu: "Muziki". Dada ya mwenzetu ni kiziwi. Aliitazama, kisha akatuuliza kwa ishara: "Hawa wanaambiwa nini hata wageuke wote kwa pamoja?" Tukakosa la kumjibu. Je, tuandike maneno ya Lwisukha, lugha yetu, au tafsiri? Midundo inaandikwaje? Na siku ya mubashara tufanyeje, nasi tuna kompyuta moja na bando la kununua?

JIBU: Katibu, swali la dada huyo ni zito kuliko yenu yote matatu, kwa hiyo naanza nalo.

Nyinyi mnaijua isukuti kuliko mimi. Mwimbishaji anatoa neno, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinalibeba, pembe inaingia, njuga zinashika mwendo, na safu ya wanaume na ya wanawake zinajibu kwa miili. Asiyesikia anaiona miili tu, lakini kilichoisukuma hakioni. Hicho ndicho cha kuandika: sauti iliyowafanya wageuke, kwa wakati ule ule inapotokea. Mkiandika "[Wachezaji wanatikisa mabega]" mmempotezea muda, kwa sababu mabega anayaona. Mkiandika "[Pembe inalia mara moja, ngoma ndogo inaharakisha]", sekunde hiyo anajua mabega yale yamepata wapi moto.

Msiilaumu sana mashine. Imefunzwa usemi wa lugha kubwa, mtu mmoja akizungumza kwa utulivu. Ngoma zikifunika sauti, na maneno yenyewe yakiwa ya Lwisukha, hufunga kazi kwa kuandika "Muziki". Sisi wenye Kiswahili pia tuna mtego wetu. Neno "ngoma" kwetu ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima yenye watu na vyakula. Ukiandika "[Ngoma inaanza]" msomaji hajui ni ipi. Taja chombo: ngoma kubwa, pembe, njuga, vigelegele. Sauti inayoendelea ipe kitenzi cha kuendelea, na ile ya mara moja ipe hesabu yake. Kimya nacho kiandikwe. Wapigaji wakisimama ghafla na miguu peke yake ikaendelea, "[Ngoma zote zimenyamaza]" ni nukuu yenye maana kubwa kuliko beti mbili za wimbo.

Mwitikio unaorudiwa mara ishirini msiuandike mara ishirini. Andikeni mara ya kwanza, kisha "[Waitikiaji wanarudia]", na mngoje mpaka neno libadilike. Lakini msiache skrini tupu kwa dakika tatu, maana mtazamaji atadhani manukuu yamekatika. Mimi huweka ukumbusho mfupi kila nusu dakika hivi.

Kuhusu lugha, siku ya mubashara wekeni maana kwa Kiswahili chepesi. Salamu kama "Mulembe" iacheni ilivyo, kila mtu upande huu anaijua. Ila kwa video itakayobaki, nawasihi mtengeneze faili mbili, ya Kiswahili na ya Lwisukha. YouTube inaruhusu video moja kubeba faili kadhaa za manukuu, na mtazamaji huchagua. Fikirieni wazee ambao masikio yamepungua kwa umri. Nyimbo hizo walizicheza ujanani, na tafsiri si kitu wanachokitafuta. UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014. Maneno yaliyoandikwa na wenyewe, yakafungwa na sekunde yanapoimbwa, ni hazina hata kwa wajukuu wanaosikia vizuri.

Kwa waliozaliwa viziwi mambo ni tofauti. Wengi lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na Kiswahili cha kuandikwa huja baadaye. Wengine shuleni walifundishwa kusoma kwa Kiingereza zaidi. Mwulizeni dada huyo anasoma kipi bila kuchoka. Hotuba na maelezo ya mshereheshaji yahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, hata kama manukuu yapo. Mfadhili akisema hiyo ni anasa, mwonyesheni Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Vipimo sasa. Mistari miwili kwa wakati mmoja, kila mmoja usizidi herufi 42. Nukuu isikae chini ya sekunde moja wala kupita saba. Miongozo mingine huhesabu maneno kwa dakika. Mimi sipendi hesabu hiyo kwa lugha zetu, kwa kuwa "hawakutuambia" ni neno moja lenye mzigo wa sentensi. Hesabuni herufi. Kumi na tano kwa sekunde zinasomeka, nanyi punguzeni zaidi, kwa maana msomaji wenu anataka kurudisha macho kwa mchezaji. Katika faili ya SRT, aina ya kawaida ya faili ya manukuu, nukuu huonekana hivi, namba yake, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno:

14
00:02:07,400 --> 00:02:10,900
[Pembe inalia mara moja,
ngoma ndogo inaharakisha]

Mnaweza kuiandika kwa Subtitle Edit, programu ya bure inayowaonyesha mawimbi ya sauti, ili mfunge nukuu na pigo lenyewe.

Halafu miguu. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa video ya ohangla, ngoma ya Waluo. Niliweka manukuu chini, mahali pake pa kawaida, nikaifurahia. Mtazamaji mmoja kiziwi akaniandikia: "Umenipa maneno, umeninyang'anya miguu." Tangu siku hiyo sijaweka maandishi juu ya mchezaji. Kwa YouTube tumieni faili ya VTT, aina nyingine ya faili ya manukuu, ambayo inaweza kuamriwa maandishi yakae juu ya picha. Ila dawa bora ni kumwambia mpiga picha mapema aache nafasi.

Kwa mubashara nafasi hiyo mnaitengeneza wenyewe ndani ya OBS Studio, programu ya kurushia video, ambayo nayo ni ya bure. Turubai, yaani eneo zima la picha inayorushwa, ikiwa pikseli 1280 kwa 720, punguzeni picha ya kamera iwe 1120 kwa 630. Chini inabaki bendi ya pikseli 90, inayotosha mistari miwili. Wakati wa hotuba badilisheni mandhari ("scene" ndani ya OBS), picha iwe 960 kwa 540. Hapo mnapata upande mmoja upana wa 320 wa kumweka mkalimani, uso na mikono yote ikionekana, na chini 180 za maandishi. Bendi iwe nyeusi, herufi nyeupe. Sababu ni ya kiufundi. Mabega yanayotikisika kwa kasi hula data nyingi ya picha, na mtandao ukiwa mdogo picha huvunjika vipande vipande. Herufi zikikaa juu ya mwendo huo zinavunjika nazo. Bando msihofie, kwani kiwango mlichokiweka cha kurusha ndicho kitakachotumika, maandishi yawepo yasiwepo.

Maneno yenyewe msiyachape ukumbini. Majumba ya opera yalitatua tatizo hili zamani, Toronto mwaka 1983: tafsiri iliandaliwa mapema, na mtu anayeufuata muziki akaipitisha mstari kwa mstari juu ya jukwaa. Nanyi andaeni slaidi nyeusi, kila moja nukuu moja, dirisha lake liingizwe OBS, na mtu abonyeze mshale. Mtu huyo asiwe fundi wa kompyuta. Awe mwimbaji wenu wa zamani, anayejua mwimbishaji akivuta pumzi namna fulani anaruka ubeti. Slaidi moja iwe na "[Mwimbishaji anaongeza maneno yake]" kwa siku anayochangamka kupita mazoezi. Kwa kuwa maandishi yanaungana na picha kabla ya kurushwa, yatafika kwa mtazamaji pamoja nayo, hata mtandao ukichelewa.

Kamera irekodi kwenye kadi yake picha safi isiyo na bendi. Hiyo ndiyo mtakayoifanyia faili nzuri baadaye. Facebook itaikubali faili ikiwa jina lake linaishia .sw_KE.srt. WhatsApp haibebi faili ya manukuu, hivyo nakala ya huko ichomewe maandishi makubwa ndani ya picha kabisa.

Kabla ya Desemba, mwiteni dada huyo kwenye mazoezi Khayega. Mpeni video ya majaribio bila kumweleza lolote, na mtu mmoja amtazame macho yake tu. Kila mahali macho yanapokwama chini kwenye maandishi huku safu inageuka, andikeni dakika na sekunde. Nukuu hiyo ni ndefu mno. Kateni, kisha mwonyesheni tena.